Dondoo inayovunja ubeti: daftari la babu, wiki ya tatu

Imekubali! Saa saba kasoro usiku, umeme umekatika mara mbili, lakini ukurasa wa mwanzo sasa unaonyesha ubeti mmoja mzima, mishororo minne, kila mmoja kwenye mstari wake. Nimeukodolea macho kama dakika tano hivi bila kufanya lolote.

Kwa aliyeingia leo: ninaweka mashairi ya marehemu babu kwenye tovuti ya WordPress. Daftari lina mashairi 86 na tenzi mbili. Kuyachapa kulikuwa kazi ya vidole tu. Kilichoninyima usingizi ni swali nililodhani la dakika kumi: ukurasa wa mwanzo uonyeshe shairi zima au dondoo, kipande cha mwanzo tu?

Nilianza na zima. Mama mdogo alifurahi, yeye hapendi kubonyezabonyeza, na kila ukurasa mpya anaufungua kwa bando lake. Kisha nikapandisha utenzi wa kwanza, beti 112. Mashairi tisa yaliyoufuata yakawa kama yamehamishiwa wilaya nyingine: unavuta kidole mpaka kinachoka, bado uko kwenye utenzi.

Basi, dondoo. Nikaenda kwenye mipangilio ya usomaji nikabadili kutoka maandishi kamili kwenda muhtasari, nikahifadhi, nikapakia upya. Hakuna kilichobadilika. Nikafuta kache, nikabadili kivinjari, nikaanza kuwashuku wenye seva. Jioni nzima ikapotea kabla sijasoma sentensi yenyewe kwa makini: mpangilio ule unahusu mlisho wa RSS peke yake, ule unaopeleka machapisho mapya kwenye programu za kusomea. Ukurasa wa mwanzo unaamuliwa na themu, yale mafaili yanayoipa tovuti sura yake, kwa kuita the_content (andiko zima) au the_excerpt (dondoo). Wenzangu mnaojua, chekeni tu.

Nikabadili neno hilo moja kwenye faili la themu. Asubuhi simu ikalia.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie, hii 'jembenamkuta' ni lugha gani? Babu yako hakuandika hivi."

Ubeti wenyewe ni huu:

Natoka zangu shambani, nimebeba langu jembe
Namkuta mlangoni, amekaa na kikombe
Keti hapa mkekani, nikupe chai na embe
Karibu sana nyumbani, pumzika we kiumbe

Na tovuti ikawa imeuandika hivi: "nimebeba langu jembeNamkuta mlangoni, amekaa na kikombeKeti hapa mkekani". Themu niliyoipakua bure ina njia yake ya kutengeneza dondoo: inavua tagi zote za HTML, zile alama za kupanga ukurasa, ikiwemo ile ya kukata mstari, bila kuacha hata nafasi. Halafu inahesabu maneno 55, ile hesabu ya kawaida ya WordPress, na kuweka vinukta.

Kugandana kwa maneno kulitibika haraka, unaweka nafasi kabla ya kuvua tagi. Ila hapo ndipo nilipoliona tatizo lenyewe. Ubeti wa babu una maneno ishirini na kitu, kwa hiyo 55 huangukia ubeti wa tatu, mara nyingi baada ya ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) na kabla ya utao (nusu ya pili). Kina cha kati kimelia, cha mwisho hakijulikani kilipo. Kwa habari ya gazeti, kukata neno la 55 si neno. Kwa tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, ni kama kumkatiza mtu katikati ya chafya.

Nilijaribu kupunguza iwe maneno 24. Shairi moja likakaa sawasawa, la pili likapoteza neno la mwisho la kituo, yaani mshororo wa mwisho, la tatu likachungulia ubeti wa pili kwa neno moja. Tagi ya "more", alama ya kuonyesha dondoo liishie wapi, ukiiweka kwa mkono inafanya kazi vizuri sana, na kwa mashairi kumi ningeishia hapo. Kwa 86, hapana. Kisanduku cha kuandikia dondoo pembeni ya shairi nacho kinataka ubeti uunakili mara mbili, na ukikosea herufi urekebishe mara mbili. Plagini, programu ya nyongeza, sikutaka, nimeshawahi kufunga moja kwa ajili ya kitufe, ikaniletea menyu nzima na matangazo.

Njia iliyofaa ni parse_blocks, amri ya WordPress inayogawa andiko katika bloku, yaani vipande vyake. Kila ubeti nimeuchapa kama aya yake, kwa hiyo nachukua bloku ya kwanza, naionyesha kama ilivyo, basi. Nikaongeza sheria: shairi lenye beti sita au pungufu lionekane zima, refu zaidi litoe ubeti wa kwanza. Hapo mama mdogo anapata yake na utenzi haumezi ukurasa.

Lakini mashairi ya beti nne yakawa yanakatwa. Nne! Nilihesabu kwa vidole, nikahesabu kwenye daftari. Siku mbili. Kumbe parse_blocks inarudisha hata mistari mitupu iliyo kati ya bloku, kila mmoja kama bloku isiyo na jina. Beti nne zinakuwa saba. Nikachuja zisizo na jina, nikashangilia, kisha nikaona mashairi 11 yamebaki vichwa vitupu. Hayo niliyachapa mwanzoni kwa kihariri cha zamani kisichogawa andiko kwa bloku, na maandishi ya kihariri hicho nayo hurudi kama bloku moja isiyo na jina. Nimeyageuza yote 11 kwa mkono usiku huu. Ndiyo hiyo saa saba kasoro.

Wiki hii nilipanga kutengeneza faharasa ya vituo na kupiga picha kurasa za daftari. Sijagusa. Nilipokuwa nasoma msimbo wa wp_trim_words, amri ya WordPress inayokata maneno, nikaona kuna mlango wa lugha zinazohesabiwa kwa herufi, kama Kijapani. Nikawaza, mbona sisi tusihesabiwe kwa mizani, yaani silabi? Nikaanza kuandika kihesabio: kila irabu ni mizani moja, na "m" iliyo mbele ya konsonanti nyingine nayo moja, isipokuwa ikifuatwa na b, v au w. Ubeti wa jembe umetoa nane kwa nane, mishororo yote minne. Nikatamba.

Kisha nikakipa shairi la babu la siasa. Mbuzi ni mizani mbili, mbu-zi. Mbunge ni tatu, m-bu-nge. Kihesabio changu kinawapa wote mbili. Mvua na mvuvi vilevile. Nimeanza orodha ya maneno ya kipekee kwenye karatasi. Imefika 31 na bado niko herufi m.