Siku tuliyozamisha boti ya mzee ili tupate kuvuka

Wengi wanavijua visiwa vya Ssese, huku Uganda ndani ya Ziwa Victoria, kwa zile picha za ufukwe wa Lutoboka, mchanga mweupe na msitu unaoshuka mpaka majini, na ni kweli kisiwa cha Buggala ni kizuri jamani, ila mwaka 2020 ungekuja mwaloni kwetu usingepatambua. Mvua ilikuwa inapiga tangu mwisho wa 2019, ziwa likapanda tu, mpaka mwezi wa tano kipimo cha kina cha ziwa kule Jinja kikaipita hata ile rekodi ya 1964 ya mita 13.41.

Vyoo ndo vilitangulia kufurika. Nyumba unaiona imesimama lakini kulala humo huwezi, na vichanja vya kuanikia mukene, yaani dagaa, vyote vilikwenda. Kule juu mlimani ardhi ina wenyewe, na michikichi, kwa hiyo hukimbilii popote unapotaka. Halafu maji yakaingia pale bondeni katikati ya mwalo yakatugawa, sisi huku na bomba, wenzetu kule na njia ya kupanda Kalangala taun. Na ilikuwa lokdauni, boda haibebi abiria, boti za abiria zimesimama, sasa nani angekuja kutusaidia? Maneno yakaanza, eti wale wa ng'ambo wamepewa posho wameficha. Watu waliokuwa wanazikana!

Kilichotuamsha ni mama mmoja mjamzito, uchungu ulimshika usiku mabaria, vijana wa boti, wakambeba mabegani, maji kifuani, tochi mdomoni. Alifika salama, Mungu mkubwa. Asubuhi yake hakuna aliyeitisha mkutano, watu walitoka tu na mapanga na viroba, pande zote mbili, tukaanza kujaza mchanga na kulaza magogo. Lakini pale katikati kina kilikuwa kirefu, viroba vinamezwa tu.

Ndo mzee mmoja Mjaluo akasema chukueni boti yangu. Ilikuwa imeoza kitako, lakini alikuwa na mpango wa kuitengeneza, pamba ya kalafati, ile ya kuziba nafasi za mbao, alishanunua, niliiona imening'inia mlangoni kwake. Tukaisukuma mpaka katikati, tukaijaza mawe, yeye mwenyewe kasimama majini anagonga ubao mmoja mmoja kwa kiganja, tukamuuliza, mzee, tuendelee? Akasema, "Zamisheni, wanangu, mnangoja nini."

Mimi mpaka leo nikisikia mtu anasema watu wa visiwani ni wa kupita tu, hawana kwao, namkumbuka yule mzee na hasira inanipanda.

Jioni magogo yakafika ng'ambo, tukayafunga kwa kamba za nyavu kuukuu. Wa kwanza kuvuka alikuwa mama anayeuza mukene, beseni kichwani, watu wanapiga vigelegele, yeye hakusimama hata kusalimia, akaenda moja kwa moja kwa mteja wake kudai deni la tangu mwezi wa pili, akalipwa nusu, na ile nusu nyingine wakakaa chini kuipigia hesabu huku wanacheka.