Mweusi aliyepakwa masizi

Jamani, nimetoka kuangalia vipande vya filamu ya mwaka 1913, Lime Kiln Club Field Day, bado nimeduwaa.

Kinara wake ni Bert Williams, mzaliwa wa Bahamas. Alikuwa tayari staa wa Broadway, zile kumbi kubwa za maigizo za New York, akipanda jukwaa moja na wazungu. Filamu yenyewe, waigizaji wengi weusi, haikumalizwa. Mikanda ikakaa stoo miaka na miaka, baadaye kwenye jumba la makumbusho ya sanaa la MoMA, New York, mpaka 2014 ndipo watu wakaonyeshwa.

Sasa angalieni hili.

Wenzake wana nyuso zao. Yeye kapakwa masizi, midomo imechorwa. Mtu mweusi, anapakwa weusi! Ndivyo watazamaji wazungu walivyomzoea.

Lakini kuna pale anapanda bembea ya farasi wa mbao na mpenzi wake wa kwenye filamu, mwigizaji Odessa Warren Grey. Halafu wanabusiana. Taratibu, bila kejeli. Nikarudisha nyuma, nikaangalia tena. Enzi zile mapenzi ya weusi kwenye filamu mara nyingi yalikuwa ya kuchekwa!

Nani kaiona?

Na ingekuwa nyie, mngekubali yale masizi? Mimi nasema ningegoma, ila kodi ya nyumba nayo… haya, semeni.