Leo nusura Altezza inilalie

Jamani leo hapa Ilazo, Dodoma, nimeshika adabu.

Gari yangu, Toyota Altezza, imeshushwa iwe chini chini, jeki haiingii kwa mbele, inakwama kwenye bampa. Fundi wangu kaenda Singida, oili imeshapitiliza muda wa kubadilisha, basi nikasema ah nanyanyua mwenyewe.

Nikaweka ubao mbele ya kila tairi la mbele nikaipandisha taratibu, hapo jeki ikapita. Handbreki juu, gia P, mawe mbele na nyuma ya tairi za nyuma. Najiona fundi kabisa.

Sasa uwanja wetu si mnaujua, mchanga mtupu. Nimepanga stendi zote mbili, vile vyuma vya miguu vya kushikilia gari ikiwa juu, nimeshusha jeki, kabla sijaingia chini nikaisukuma gari kidogo kwa bega... mguu mmoja wa stendi ukazama taratiiibu, kama mwiko kwenye uji.

Nimeuangalia ule mguu mpaka jasho likawa la baridi. Kichwa changu kingekuwa pale pale.

Nikainyanyua upya, mbao nene chini ya kila stendi, na jeki nikaiacha imegusa gari. Oili nimebadilisha ila mama watoto hanisemeshi mpaka saa hii 😅

Nyie mnaofanyia nyumbani chini mnaweka nini, mbao au mmemwaga zege kabisa?