Nilimwona akitoka, nilimwona nikitoka

Nimetoka zamu ya usiku toka saa moja asubuhi na mpaka sasa usingizi hauji, kichwani kuna sentensi moja tu, niliiandika mwenyewe juzi kwenye kitabu cha zamu.

Iko hivi. Niko mapokezi kwenye hoteli moja, na ripoti ya zamu tunaandika kwa Kingereza kwasababu inasomwa mpaka na wenye hoteli. Juzi saa nane usiku nilikua natoka ofisi ya nyuma, ile yenye droo ya hela, nikamkuta mzee mmoja mgeni wetu amesimama koridoni anatafuta maji ya kunywa, nikampa, akarudi kulala. Mi nikaandika "I saw the guest leaving the office." Kichwani nilikua nasema nilimwona mgeni nikitoka ofisini. Asubuhi droo ikaonekana pungufu, msimamizi akafungua kitabu, akasoma, akaelewa nilimwona mgeni akitoka ofisini. Mzee wa watu akaitwa akahojiwa wakati wenzake wanakunywa chai. Mchana hela ikajulikana imenunua gesi, risiti ilikua haijaandikwa, wenzangu wakasema basi yameisha. Kwangu hayajaisha.

Nikitoka, akitoka. Kitenzi chetu kinatembea na mwenyewe, ni- ni mimi, a- ni yeye, ukikiweka mwanzo au mwisho wa sentensi mwenyewe yupo tu. "Leaving" haina mwenyewe, anatafutwa kwa mahali ilipokaa, ikikaa mwisho inamdandia mtu wa jirani, na jirani yake pale alikua mgeni. Ningeanza nayo, "Leaving the office, I saw the guest," ingenirudia mimi, sababu ikitangulia inamdai yule anayekuja baada ya koma. Ila hata hapo kuna shimo na ndo wengi tunapoangukia, maana sisi tunasema "nikitoka ofisini, mgeni alikua mlangoni" na hakuna anayechanganyikiwa, sasa ukiihamisha hivyo hivyo ikawa "Leaving the office, the guest was at the door" umeshamtoa tena mgeni ofisini! Shule tulikariri -ing ni -na-, natoka, anatoka, sikumbuki kuambiwa kwamba mara nyingi ni hii -ki- na kwamba kwenye kuvuka inamwacha mtu wake nyuma.

Kiswahili nacho kinateleza, ukisema meneja alimwona mgeni akitoka, wote wawili ni a-, tunamsomea mgeni kwa mazoea tu.

Nikaanza kupekua ripoti zangu za nyuma zote. Kuna siku niliandika "The guests, who had paid, left." Nilimaanisha wageni waliolipa waliondoka, wengine bado wapo, kumbe zile koma mbili zinasema wote walikua wamelipa na wote wameondoka. Bila koma ndo wale waliolipa peke yao. Koma jamani, mi nilikua naziweka pale ninapovuta pumzi.

Jana jioni nikamuwahi mzee kabla hajaondoka. Nikamwamkia, nikamweleza yote, na sentensi yenyewe nikamsomea, nikamwambia kosa ni langu na naomba anisamehe. Akanisikiliza mpaka mwisho hajanikatisha, halafu akaomba akione hicho kitabu. Nikachukua peni nikaandika chini yake yeye akiwa anaangalia, "I was leaving the office when I saw the guest. He was in the corridor." Akaisoma taratibu, akairudia, akaweka kidole kwenye ile I ya mwanzo.

"Hapo sawa mwanangu. Weka na tarehe."