Wakili Aliyemsomea Mzee Root

Kila ninapogonga mhuri wa kuthibitisha nakala kivuli ya cheti cha mtu, humkumbuka Sol Linowitz. Mteja husimama mbele ya meza yangu akiwa ameshika cheti halisi mkono mmoja na kopi mkono wa pili, kopi ambayo mara nyingi bado ina joto la mashine. Nami huzilinganisha mstari kwa mstari, nikatia sahihi, nikagonga mhuri, akaenda zake. Ni wachache wanaojua kwamba kopi ile, inayotolewa kwenye karatasi ya kawaida katika kila steshenari iliyo jirani na mahakama, ilitufikia kwa sehemu kubwa kupitia mikono ya wakili. Ni wachache zaidi wanaojua kwamba wakili huyohuyo alikuwa mmoja wa watu wawili walioketi mezani kwa niaba ya Marekani ilipokubali kuirudishia Panama mfereji wake. Alifariki tarehe 18 Machi 2005 akiwa na umri wa miaka 91, na nimeona nimwandikie kumbukumbu hii kwa sababu katika fani yetu huku jina lake halitajwi kabisa.

Alizaliwa Trenton, katika jimbo la New Jersey, tarehe 7 Desemba 1913, katika familia ya wahamiaji wa Kiyahudi. Alisoma Chuo cha Hamilton katika miaka ya mdororo mkuu wa uchumi, akijitafutia riziki kwa kuhudumia mezani na kupiga fidla. Kibarua kingine alichokipata kilikuwa cha kumsomea mzee mmoja aliyeishi jirani na chuo. Mzee huyo alikuwa Elihu Root, wakili mashuhuri aliyewahi kuwa Waziri wa Vita na Waziri wa Mambo ya Nje, na mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 1912. Kijana alikuwa bado hajaamua kama awe rabi au awe wakili, akamwomba mzee ushauri. Root alimwambia awe wakili, kwa kuwa wakili anahitaji dini maradufu kuliko kiongozi wa dini.

Kauli hiyo nimeirudia mara nyingi mbele ya vijana wanaokuja ofisini kwetu kwa mafunzo ya vitendo, na sijawahi kuichoka. Anayehudumu katika nyumba ya ibada amezungukwa na watu wanaomtarajia kutenda haki, ilhali wakili hufuatwa kila siku na mtu anayemtaka aipindishe kidogo tu, na aliye tayari kumlipa kwa kazi hiyo. Wakili niliyejifunzia kazi kwake, miaka mingi iliyopita, alirudisha mbele yangu bahasha ya mteja aliyetaka hati ya kiwanja iandikwe tarehe ya nyuma, kisha akaendelea kunywa chai yake kana kwamba hakuna lililotokea. Nilipokuja kusoma habari za Linowitz, nilihisi nimeshaonyeshwa maana yake.

Alimaliza sheria Cornell mwaka 1938, akaanza kazi Rochester, jimbo la New York, na wakati wa vita akalitumikia taifa lake serikalini na baadaye katika jeshi la majini. Aliporudi Rochester alikutana na Joseph Wilson, aliyeongoza Haloid, kampuni ndogo ya karatasi za picha. Wawili hao walisafiri hadi Columbus, Ohio, kwenye taasisi ya utafiti ya Battelle, na walichoonyeshwa huko, kama Linowitz mwenyewe alivyopenda kusimulia, kilikuwa ni kipande cha chuma kinachosuguliwa kwa manyoya ya paka. Uvumbuzi huo, wa kutoa nakala kwenye karatasi ya kawaida kwa nguvu ya umeme tuli, ulikuwa wa Chester Carlson, aliyefanikiwa kupata nakala ya kwanza tarehe 22 Oktoba 1938, na ambaye makampuni makubwa yalikuwa yamemkatalia. Haloid ililikubali wazo hilo, na kazi ya Linowitz ikawa kuandika mikataba ya leseni, kulinda hataza, na kuunda ubia na makampuni ya nje, ukiwamo ule wa Rank wa Uingereza mwaka 1956. Mwaka 1959 ilitoka mashine ya kunakili iliyoitwa 914, yenye uzito wa karibu kilo 300. Kampuni ikabadili jina na kuwa Xerox, Linowitz akawa mwenyekiti wa bodi, na fedha zikaja kwa wingi.

Ninachomheshimia zaidi ni namna alivyoutumia utajiri huo na nafasi ile. Katikati ya miaka ya 1960 Xerox ilitenga dola milioni 4 kudhamini vipindi vya televisheni kuhusu Umoja wa Mataifa. Wapinzani wa umoja huo waliimwagia kampuni maelfu ya barua za kuilaumu, lakini Wilson na Linowitz hawakurudi nyuma. Mwaka 1966 Rais Johnson alimteua kuwa balozi wa Marekani katika Umoja wa Nchi za Amerika, naye akaiacha Xerox. Hakurudi tena kwenye uongozi wa kampuni hiyo.

Mwaka 1977 Rais Carter alimpa, pamoja na mwanadiplomasia Ellsworth Bunker, kazi ya kujadiliana na Panama. Mkataba wa mwaka 1903 uliipa Marekani ukanda wa ardhi wenye upana wa kilomita 16 kwa milele, na kwa upande wa Panama ulitiwa sahihi na Mfaransa, Philippe Bunau-Varilla. Hakuna Mpanama aliyeusaini. Mwaka huo Waziri wa Vita katika serikali ya Theodore Roosevelt alikuwa Elihu Root, mzee yuleyule. Nimelitafakari jambo hili mara nyingi: kijana aliyemsomea mzee ndiye aliyekuja kuketi na Wapanama na kuuandika upya mkataba wa zama zake.

Uteuzi wa Linowitz ulikuwa wa miezi 6 tu, unaokoma tarehe 10 Agosti. Makubaliano yalifikiwa siku hiyohiyo. Wapinzani walimsema kwa sababu ya nafasi zake kwenye bodi za makampuni, naye akaendelea na kazi. Mikataba ilisainiwa Washington tarehe 7 Septemba 1977, na mwaka uliofuata Seneti iliiridhia kwa kura 68 dhidi ya 32, ikiwa ni kura moja tu zaidi ya theluthi mbili zilizohitajika.

Baadaye Carter alimtuma kwenye mazungumzo ya Misri na Israel kuhusu utawala wa ndani wa Wapalestina, ambayo hayakuzaa matunda. Mwaka 1994 alitoa kitabu kuhusu fani yake, akilalamika kwamba uwakili umegeuzwa biashara; na hapa hakuna aliyeweza kumwambia kwamba haijui biashara.

Mfereji ulikabidhiwa tarehe 31 Desemba 1999, akiwa hai, na umri wa miaka 86. Ndani ya jalada langu nina nakala kivuli ya ukurasa wa mwisho wa mkataba, niliyoitoa kwenye steshenari ya mtaani kwetu. Ina sahihi ya Jimmy Carter, na kando yake ya Mpanama, Omar Torrijos.