Chumba cha cherehani, godoro la wageni na sumaku ya spika

Haya jamani, tumehamia. Tumetoka Sinza kwenye vyumba viwili vya kupanga tukaja Chanika kwetu wenyewe, na nikisema kwetu wenyewe msifikirie jumba, nyumba haijaisha hii. Silingi bodi hakuna, ukiangalia juu unaona mbao na bati, sakafu ni saruji tu, vigae vitakuja siku vikija. Ila kuna vyumba vitatu na kimoja nilishakitolea macho tangu msingi unachimbwa, nikasema hiki ni changu cha kushonea, na anayetaka kubisha abishe.

Wa kubisha alikuwepo bwana. Baba watoto akauliza swali moja tu, "na mama akija atalala wapi?" Kwa wasiojua, mama mkwe wangu yuko Lushoto na akija haji siku mbili. Na ukweli ni kwamba kwa huku kwetu chumba kisicho na kitanda watu hawakihesabu kama chumba, wanakihesabu stoo. Miaka sita Sinza nimeshonea sebuleni chini ya dirisha, wageni wakija nafunga kazi nakusanya vipande nasukumia nyuma ya kochi, kesho naanza kutafuta mkasi upya. Nikamwambia mama atalala humo humo, nipe mwezi mmoja. Hapo sikuwa na mpango wowote nilikuwa naongea tu.

Siku ya kuhama kwanza. Cherehani yangu ni Butterfly ya miguu, nzito, na kosa nililofanya ni kutokutoa kichwa kabla ya kupakia. Inatakiwa uvue mkanda wa ngozi kwenye gurudumu, ulegeze zile skrubu za bawaba kwa nyuma, kichwa kikitoka unakiviringisha kwenye blanketi unakipakata mwenyewe mbele kwa dereva kama mtoto. Mi nilikuwa bize na masufuria, huku nyuma utingo wa kirikuu kalaza cherehani nzima ubavu juu ya godoro, kakaza na kamba, safari ya Sinza mpaka Chanika na ile barabara ya ndani ya mashimo. Imefika mkanda umechomoka, droo imepasuka, na bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, na kesi yake havipo. Nimetafuta kila mahali, mpaka kwenye unga. Vikapatikana wiki ya pili ndani ya kiatu cha shule cha mtoto, usiniulize vilifikaje huko.

Kwahiyo wiki mbili hizo sikushona, nikawa napanga chumba. Na hapo ndo nilipochemka, maana nilipanga kwa macho. Nilishaona mapicha ya vyumba vya watu mitandaoni, vitambaa vimepangwa kwa rangi kama upinde wa mvua, nyuzi zimening'inizwa ukutani kwenye misumari zinapendeza kweli. Nikasema sasa nina ukuta wangu, Sinza mwenye nyumba alikuwa hataki kusikia sauti ya nyundo, leo napiga misumari mpaka nichoke. Msumari wa kawaida kwenye tofali la saruji unapinda kama mshumaa, nikanunua ile ya zege, nayo ikaingia vizuri sana ila ikaondoka na lipu kipande kama sahani. Baba watoto akapita mlangoni akaangalia akaondoka kimya kimya, nikajua ananiwekea akiba.

Nyuzi nikafanikiwa kuzining'iniza mwishoni, arobaini na kitu, nikapiga na picha. Baada ya siku kumi nashona uzi unakatika, nabadilisha sindano unakatika, nalegeza tensheni unakatika. Kumbe ni vumbi, nyumba isiyo na silingi wala vigae inatoa vumbi la saruji muda wote, linakaa kwenye uzi, uzi unakuwa kama msasa unapita kwenye tundu la sindano unakwaruzika. Zote nikazishusha nikatia kwenye deli la plastiki lenye mfuniko, ukutani ikabaki misumari mitupu, sasa natundikia zipu kwenye henga za waya na zimekaa poa tu kwasababu zipu ukiikung'uta imepona.

Vitambaa vya rangi rangi navyo havikufika mbali. Mi nashona mikoba na pochi za kitenge, foronya, na hereni za shanga pembeni. Mteja hajawahi kuniambia nataka kitu cha bluu nikaenda kwenye bluu, swali langu la kwanza siku zote ni kitambaa kinatosha? Kitenge cha yadi sita ni kama mita tano na nusu, nikishakata mkoba mmoja mmoja kinabaki kipande ambacho sijui kina urefu gani, nakikunjua, napima, hakitoshi, nakikunja. Sasa nimepanga kwa urefu. Ambavyo havijakatwa juu kabisa, vya mita na kuendelea katikati, vya chini ya mita kwenye ndoo ya rangi ya lita 20, na vile vichembe vya kiganja ndoo nyingine ambayo kusema kweli nilikuwa naionea aibu tu kuitupa. Kila kipande nimekibandika karatasi yenye namba, haivutii hata kidogo, wifi yangu kasema panafanana na duka la dawa.

Halafu jua, hili sikuliwaza kabisa wakati tunajenga. Dirisha linaangalia magharibi, kuanzia saa tisa jua linaingia mpaka ukuta wa pili, na shelfu niliiweka huko huko. Kitenge changu kimoja kizuri cha zambarau kimepauka mstari mmoja tu pale kwenye mkunjo, ukikikunjua kina barabara. Nimehamisha shelfu, na dirishani nimefunga kanga kuukuu, haijaziba pembeni vizuri lakini inasaidia. Sasa angalia mambo, ile kanga jina lake ni MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Sikuchagua mimi jamani ndiyo iliyokuwa imepauka tayari, lakini baba watoto alivyoisoma alicheka dakika nzima.

Cherehani nimeiweka dirisha likiwa upande wangu wa kushoto, natumia mkono wa kulia kwahiyo kivuli cha mkono hakiniangukii kwenye sindano. Sakafu si sawa, nikikanyaga ilikuwa inacheza kama bajaji kwenye matuta, nimekata ndala ya zamani nimeweka chini ya mguu mmoja, imetulia. Mkanda ulikuwa umelegea nikaukata kama nusu inchi nikaunga tena na pini yake. Watu wananiuliza mbona hununui ya umeme, ninayo ndogo ya kupigia zigizaga, lakini umeme ukikatika saa mbili usiku na mteja anataka pochi kesho asubuhi, mguu hauhitaji LUKU. Fundi umeme mwenyewe kaniwekea soketi moja, na kaiweka nyuma ya mlango. Mwanzo nilikuwa napigia pasi kwenye ekstensheni mpaka siku nimeshika waya nikakuta wa moto, pasi yangu ni ya wati 1,200 na ile ekstensheni ni ya kuchajia simu. Meza ya pasi nikaihamishia pale pale nyuma ya mlango. Ukifungua mlango kwa nguvu unanigonga, kwahiyo kila mtu humu ndani sasa anapiga hodi, hiyo faida sikuitarajia.

Shanga nazipanga kwenye trei ya mayai ya karatasi, mashimo 30, kila shimo rangi yake au saizi yake. Hasara yake ukiipiga kumbo umekwisha.

Tuje kwenye godoro. Meza ya kukatia nilimwagiza fundi seremala aifanye sentimita 90 badala ya ile 75 ya meza ya kulia chakula, kwasababu mgongo wangu wa Sinza ninaujua, kukata umeinama masaa mawili halafu unatembea kama bibi. Akalalamika kwamba haitapendeza. Ila meza ikiwa juu hivyo chini kunabaki nafasi, na godoro la futi tatu na nusu likikunjwa katikati linaingia pale na mito yake. Mgeni akija nasukuma meza ukutani, natandika, natundika neti kwenye mbao za bati, tayari.

Tatizo lilikuwa pini. Chumba cha fundi sakafu yake ina pini hata ukifagia mara tatu, zinaingia kwenye nyufa za saruji. Nikachukua spika mbovu ya redio, mwanangu mkubwa akatoa sumaku, tukaifunga kwenye mti wa fagio. Siku ya kwanza tumeokota pini 63 na sindano mbili, moja namba 16 ambayo niliapa kwamba jirani kaazima hajarudisha. Nimeshamuomba radhi. Watoto sasa wanagombania kusumakisha, neno lao hilo.

Mama mkwe amekuja mwezi uliopita, wiki mbili. Nimemsalimia shikamoo mama, marahaba mwanangu, kaingia, kakaa kwenye godoro, akazungusha macho polepole kuanzia kanga ya dirishani mpaka ndoo. Akasema, "Kumbe mmeniweka kiwandani." Nikaishiwa pozi. Usiku wa kwanza sikushona kabisa, wa pili mkoba wa mtu ulikuwa unadaiwa nikaomba ruhusa, akasema shona tu, akalala na cherehani inapiga kelele na yeye anakoroma juu yake. Alfajiri anaamka kuswali, akimaliza hawezi kulala tena, anakaa anachambua. Vifungo vyote amevitenganisha, vyenye matundu mawili huku na manne kule, kitu ambacho mi sikuwahi kukiona kina umuhimu na bado sikioni, lakini nitaenda kuvichanganya tena nianzie wapi?

Asubuhi ya kuondoka akauliza ile ndoo ya vichembe kama nina kazi nayo. Nikasema hapana mama, ni takataka tu. Akaibeba na ndoo yake, anasema anataka kuunga unga atengeneze shuka la kufunikia kochi, na zaidi kule kwao ndoo yenye mfuniko inafaa kwa mahindi. Ila mfuniko ameusahau. Nimeuweka chini ya cherehani unakinga mafuta yanayodondoka.