Nusu jumlisha theluthi, na stashahada ya mwalimu

Mimi ni mwalimu wa hisabati shule ya msingi huku Kibosho, juu ya Moshi mjini. Nilianza kazi na cheti cha Daraja la IIIA, baadaye nikajiendeleza hadi stashahada. Ofisini kwetu ubishi hauishi: je, ni haki kila mwalimu wa msingi atakiwe kuwa na stashahada? Mimi nasema ni haki, tena tumechelewa.

Wanaopinga hunitajia walimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, waliofundisha bila stashahada. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 nchi ilitaka kila mtoto aingie darasani na walimu hawakuwepo, ndipo vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa wakajifunza ualimu huku wakifundisha. Mmoja wao ndiye aliyenifundisha kusoma, na nitamheshimu mpaka naingia kaburini. Lakini yeye mwenyewe hakuridhika na alichopewa. Alisoma usiku kwa taa ya chemli hadi akatoka Daraja la C akafika A.

Kinachonifanya nisiyumbe ni hesabu za sehemu za darasa la tano. Mwanachuo mmoja wa ualimu aliyekuja kwetu BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, aliandika ubaoni nusu jumlisha theluthi. Binti mmoja akajibu 2/5. Kajumlisha za juu, kajumlisha za chini. Mwanachuo akamwekea kosa, akatafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 2 na 3, yaani 6, akapata 5/6, darasa zima likanakili. Kwenye andalio la somo kila kitu kilikuwa sawa.

Kesho yake nikamwomba anipishe kidogo. Nikakata vipande viwili vya manila vinavyolingana, kimoja tukakikunja katikati kupata nusu, kingine tukakigawa sehemu tano. Nikamwambia yule binti alaze mbili ya tano juu ya nusu. Akaangalia, akageuza, akaangalia tena.

“Mwalimu, mbona nusu imezidi? Mimi nimeongeza, halafu imepungua!”

Hapo ndipo KDS ilipoanza kumwingia. Kujua njia ya kupata 5/6 hakutoshi. Mwalimu ajue mtoto ameifikiaje 2/5, na ujuzi huo hauokotwi kwa haraka. Ule muda wa stashahada ningependa utumike huko hasa. Mkufunzi akae nyuma ya darasa kipindi kizima, arudi tena na tena, azungumze na mwanachuo juu ya watoto walichoandika kwenye madaftari, siyo kukagua andalio na kujaza fomu.

Sasa suala la fedha. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imefanya elimu ya lazima kuwa miaka 10. Ni jambo zuri sana, na linataka walimu walioiva, ila mzigo wa kusomea stashahada anaubeba mwalimu aliyeko darasani leo. Mwenzangu hapa anajilipia ada kwa mkopo wa SACCOS, likizo zake anazimalizia chuoni, kahawa yake inachumwa na vibarua. Akimaliza ataanza kufuatilia kubadilishiwa muundo (ngazi ya cheo chake kazini), ofisi hadi ofisi, na nauli ni yake.

Hilo siyo haki. Ada ya walimu walioko kazini ilipwe na serikali, na cheti kikitoka, muundo na mshahara vibadilike bila mtu kuzungushwa. Kikao kijacho cha MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, nitalisema hili mbele ya afisa elimu kata. Walimu wenzangu mnaosoma hapa, nanyi lisemeni huko kwenu.